WAVUMBUZI AU WAPELELEZI? KUBADILI NENO SI KUBADILI ELIMU

Moja ya masahihisho tuliyoyafanya katika historia iliyoandikwa na mkoloni ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa maana. Watu kama Speke, Livingstone na Stanley, ambao katika shule za kikoloni waliitwa wavumbuzi, sisi tunawaita wapelelezi. Neno la kwanza lilikuwa kasumba tupu. Mtu hawezi kuvumbua ziwa ambalo wenyeji wanavua samaki ndani yake na wamekwisha kulipa jina. Neno la pili liko karibu zaidi na ukweli, maana mpelelezi hutumwa, hutazama, kisha hurudi kutoa taarifa kwa aliyemtuma. Masahihisho hayo yalikuwa ya lazima. Lakini hayakutosha, kwa sababu tumebadili neno bila ya kubadili njia ya kufundisha.

Nianze kwa kujikosoa. Kwa muda mrefu nimewafundisha wanachuo sentensi moja: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara walikuwa mawakala wa ubeberu. Waliiandika katika mitihani nami nikawapa alama. Siku moja mwanachuo alinyosha mkono akauliza: "Ndugu Mkufunzi, Livingstone aliuchukia utumwa mpaka kufa kwake. Kama alikuwa wakala, je, alikuwa anajifanya tu?" Nikamjibu kwamba ndiyo, alikuwa mnafiki. Darasa likacheka, somo likaendelea. Jibu lile lilikuwa la uvivu, na baya zaidi, halikuwa la kweli.

Kosa liko wapi? Kitabu cha mkoloni kilitafuta sababu za safari hizi ndani ya moyo wa msafiri, kikakuta ushujaa, huruma na kiu ya elimu. Sisi nasi tumetafuta ndani ya moyo ule ule, tukakuta ulafi na unafiki. Majibu yamegeuzwa, lakini swali limebaki lile lile. Nalo ni swali la kidhanifu, linaloona historia kuwa matokeo ya nia za watu mmoja mmoja. Mtazamo wa kisayansi unaanza mahali pengine. Unauliza: nani aligharimia safari? Nani alijua njia na kubeba mizigo? Taarifa ilikwenda kwa nani? Na ilitumiwa kufanya nini?

Tuchukue safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857 hadi 1859. Wote wawili walikuwa maofisa katika jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki. Waliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na Serikali ya Uingereza ilitoa fedha. Mwanafunzi akijua hayo tu, ameshaona kwamba safari haikuwa matembezi ya watu wawili wenye udadisi. Tena asome walichorudi nacho. Kitabu cha Burton cha mwaka 1860 hakieleza maziwa tu. Kina maelezo marefu ya biashara: pembe za ndovu, sandarusi, aina za shanga, nguo za merikani na kaniki, na mahali kila kitu kinapotakiwa. Hiyo ilikuwa ni taarifa ya soko, na mwenye kiwanda na mwenye meli waliweza kuisoma kwa faida.

Swali la pili, la kazi, ndilo tunalolipita haraka kuliko yote. Kabla Burton hajatia mguu pwani, wamisionari Rebmann na Erhardt walikuwa wamechora ramani yenye ziwa moja kubwa sana katikati ya Afrika, iliyotangazwa Ulaya katikati ya miaka ya 1850. Hawakuwa wameliona ziwa hilo. Waliichora kwa kuwauliza watu wa misafara. Njia ya kutoka pwani kupita Tabora hadi Ujiji ilikuwa imekanyagwa na Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani miaka mingi. Mpagazi alibeba ratili 60 hadi 70 begani. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, aliwaongoza Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron. Mzungu alibadilika kila safari, naye Bombay akabaki yule yule. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, ni Chuma, Susi na wenzao waliobeba maiti yake kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Akazikwa London mwaka 1874 pamoja na wakubwa wa nchi yake. Mwanafunzi anayejua jina la aliyezikwa na hajui majina ya waliombeba amefundishwa historia ya tabaka moja tu.

Sasa turudi kwa mwanachuo wangu. Livingstone aliuchukia utumwa kweli. Lakini dawa aliyoitangaza Cambridge mwaka 1857 ilikuwa ni kuifungua Afrika kwa biashara na Ukristo. Safari yake ya Zambezi, ya mwaka 1858 hadi 1864, iligharimiwa na Serikali ya Uingereza, na moja ya matumaini yake lilikuwa kilimo cha pamba, wakati viwanda vya Uingereza vikitegemea pamba ya watumwa wa Marekani. Hapa hapana haja ya kumwita mnafiki. Ubepari wa viwanda ulikuwa umefikia hatua ambayo mtu aliyelima na kuuza pamba alikuwa na faida kubwa kuliko mtu aliyeuzwa. Huruma yake na haja ya viwanda zilipita njia moja, na ndiyo maana huruma yake ilipata mfadhili. Hilo ndilo jibu nililopaswa kutoa.

Stanley naye anatuonyesha hatua inayofuata. Mwaka 1871 alimfuata Livingstone Ujiji kwa fedha za gazeti la New York. Mwaka 1875, akiwa katika safari ya magazeti mawili, aliwapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire kwa kulipiza kisasi, akaandika habari hizo mwenyewe. Alifika Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, mwaka 1877. Waingereza hawakuonyesha hamu na taarifa yake, lakini Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa nayo. Kuanzia mwaka 1879 Stanley alirudi Kongo kumjengea vituo na kukusanya alama za watemi katika mikataba. Mwaka 1885 nchi nzima ikawa mali ya mfalme huyo, na watu wake wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mwandishi wa gazeti alikuwa amegeuka mjenzi wa dola, na ramani ikawa hati ya umilikaji.

Lazima pia tuseme lile tusilopenda kusema. Misafara ilipita katika jamii zenye matabaka yake. Tippu Tip, aliyechuma kwa pembe na watumwa, alimsindikiza Stanley kwa malipo mwaka 1876, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Leopold huko Stanley Falls. Kumficha huyu ili kulinda sifa ya Afrika ni kumnyima mwanafunzi somo muhimu: ubeberu haukuingia bila ya wenyeji waliofaidika nao.

Kwa nini jambo hili ni la Chama na si la walimu wa historia peke yao? Kwa sababu mwanachuo wa leo ndiye diwani au katibu wa kesho. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya mali asili. Sheria hiyo itasimamiwa na watu. Akija mgeni kupima miamba au kukusanya takwimu, kada aliyekariri kwamba kila mgeni ni wakala atamfukuza hata mwenye manufaa. Na kada aliyefundishwa kutazama moyo wa mgeni atampokea kila mwenye tabasamu. Tunamhitaji yule atakayeuliza maswali manne: nani analipa, nani anafanya kazi, taarifa inakwenda kwa nani, na itatumiwa kufanya nini.

Napendekeza basi kwa wakufunzi wenzangu: tuache kutoa alama kwa sentensi iliyokaririwa. Tumpe mwanachuo safari moja, aichambue kwa maswali hayo manne, aitetee hoja yake mbele ya wenzake. Na akituuliza swali gumu, tusilifunike kwa kicheko cha darasa.