Ubao Uliolala

Mwezi ukiwa mpevu, Ziwa Tanganyika huwapa wavuvi likizo wasiyoiomba. Ndagala huvuliwa kwa taa. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti husogea kilindini usiku wa giza, taa huwashwa, samaki wale wadogo hupanda kuufuata mwanga, na wavu uliokuwa ukiwasubiri chini huinuliwa. Mbalamwezi ikishatanda ziwa zima, taa haimvuti tena yeyote. Basi kila mwezi, kwa siku kadhaa, boti huvutwa mchangani pale Rumonge, nyavu hushonwa, madeni hudaiwa, na mafundi wa boti, ambao siku nyingine hupitwa bila hata salamu, hutafutwa tangu alfajiri.

Rumonge, nchini Burundi, iko kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayobanwa kati ya milima na maji. Ni mji wa michikichi na samaki. Ni mji wa Kiswahili pia: hapa, kama ilivyo Buyenzi kule Bujumbura, Kiswahili ni lugha ya soko, ya msikiti na ya ugomvi wa majirani. Kilikuja na misafara na vyombo vya Ujiji katika karne ya 19, kikapata wenyeji, kikakaa. Ng'ambo ni Kongo, na hewa ikiwa safi milima yake huonekana wazi. Kati ya huku na huko kuna maji ya ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lenye vilindi vinavyofika mita 1,470. Anayeingia humo usiku kwa chombo cha mbao ameshaamua kumwamini aliyekiunda, hata kama hamjui kwa sura.

Boti niliyokwenda kuitazama ilikuwa na mkuku wake na mataruma, yaani mbavu zake, na mbao za chini zilikuwa zimekwisha kupigwa. Mchoro haukuwapo. Haukuwa umewekwa nyumbani wala kwenye simu ya mtu, haukuwapo popote. Fundi alikuwa na penseli ya seremala nyuma ya sikio, na sikumwona akiitumia ila kuwekea alama ya msumari. Vipimo vyake vilikuwa kamba yenye mafundo, shubiri, na jicho. Jicho ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Ubao wa tatu kutoka chini ulikuwa ndiyo kwanza umefungwa. Ulikuwa umelowekwa, ukapashwa moto wa taratibu upande mmoja huku upande wa pili ukimwagiwa maji, ukapindwa kidogo kidogo mpaka ukakubali kufuata mataruma. Vijana wawili waliubana kwa kamba, wakapiga misumari michache ya kushikizia. Mimi niliona ubao umekaa sawasawa. Fundi alikwenda mbele, kwenye pua ya boti, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama ubao kwa urefu wake wote mpaka nyuma. Akainuka. Akapitisha kiganja juu ya ukingo wake, polepole, akasimama kwenye taruma la nne, akarudisha kiganja nyuma, akasimama tena palepale. Akaamuru misumari ing'olewe.

"Mzee, maji yangeingia hapo?" nikamuuliza.

"Yasingeingia, mwanangu."

"Sasa tatizo nini?"

"Haujalala."

Ukashushwa. Akatwaa randa, akapunguza taruma lile mahali ambapo mimi, hata baada ya kuonyeshwa, niliona mbao tu na vumbi lake. Unyoya wa mbao uliotoka ulikuwa mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Akapunguza tena. Ubao ukarudishwa, akachuchumaa, akafumba jicho. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima, na vijana wale, ambao bila shaka walikuwa na njaa, hawakunung'unika hata kidogo. Nadhani walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba mzee anaona kitu ambacho wao bado hawajafikia kukiona, na kwamba wamewekwa pale ili siku moja nao wakione.

Mhandisi angeweza kumtetea fundi huyu kwa hesabu. Ubao unaopinda kwa ulaini hugawa mzigo wa mawimbi kwa mataruma yote. Wenye kigongo hulielemea taruma moja, na kwenye upepo wa kusini wa kiangazi misumari ya pale ndiyo huanza kulegea. Utetezi huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Juu zaidi, sehemu ya mwisho ya pua ilikuwa imenyanyuliwa kupita haja ya wimbi lolote la ziwa hili, ikakazwa kidogo ndani kabla ya kuishia, na mzee alikuwa ameihangaikia kwa moyo uleule. Pua ile haiongezi ndagala hata mmoja. Usiku wa kazi hakuna anayeiona.

Kalafati ndiyo hatua iliyonishika zaidi, maana hapo jicho hukabidhi kazi kwa sikio. Pamba husokotwa kamba nyembamba, hulowekwa mawese, kisha husukumizwa kwenye kila mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Mawese yenyewe hayatoki mbali: vilima vyote nyuma ya mji vimejaa michikichi. Pigo la kwanza hutoa mlio uliokufa. Pamba inavyozidi kushiba ndani ya mwanya, mlio hukaza, hupanda, mpaka unafika mahali ambapo nyundo inajibiwa na boti nzima. Hapo fundi huacha. Akizidisha pigo moja, pamba itazisukuma mbao zitengane. Akipunguza, boti italia machozi usiku wa kwanza. Ikishateremshwa majini, mbao hunywa maji, huvimba, na kuibana pamba ile kwa nguvu ambazo nyundo isingeweza. Kijana aliyekuwa upande wa pili wa boti alikuwa akigonga pia, na mara mbili mzee alipaza sauti bila kugeuka kumtazama: "Hapo bado." Na kweli, hapo palikuwa bado.

Dunia inaijua Burundi kwa ngoma, si kwa boti. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ilistahili. Aliyewahi kusimama Gishora, karibu na Gitega, wapigaji wakiingia na ngoma zao vichwani, hahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini ngoma hutazamwa na watu waliokuja kuitazama. Ina uwanja, ina sherehe, ina makofi. Ndiyo maana ukiwauliza watu wengi sanaa ni nini watakuonyesha kitu cha namna hiyo, na wakiulizwa inafaa nini, wanaanza kubabaika: inaburudisha, inatunza mila, inaleta watalii. Majibu yote hayo yanamfikiria mtazamaji. Boti haina mtazamaji, ndipo inapokuwa shahidi mzuri zaidi. Mtu aliyerudia taruma la nne kwa sababu ubao haukulala hakuwa akimburudisha yeyote. Alikuwa akikataa kutoa mkononi mwake kitu ambacho anajua kingeweza kuwa sawa na hakijawa.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo sanaa inapoanza, kabla ya pambo na kabla ya hadhira. Ndiyo maana sivutiwi sana na rangi. Boti za ziwa hili hupakwa rangi kali na kuandikwa majina, mengine ya dua, mengine ya wachezaji mpira, na napenda kuyasoma kama kila mtu. Ila rangi yaweza kupakwa juu ya ubao uliooza, na hupakwa. Mpindo hauwezi kudanganya hivyo.

Hata chuma kina habari ya namna hii. Kila mtu wa ziwani anaijua meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa michoro kamili, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa mpaka Kigoma na kuungwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma mbele ya maadui zao, iliamriwa izamishwe. Mafundi walitii, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua, ikaendelea kwa miongo mingi. Amri ilikuwa ya kuharibu, na jeshi halikuwalipa kwa grisi ile. Sioni tofauti kati ya mikono ile na kiganja cha mzee wa Rumonge.

Mwaka 2015 mambo hayo mawili, meli ya michoro na boti za jicho, yalikutana. Warundi kwa makumi ya maelfu walikimbia machafuko wakaishia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kusini tu mwa mpaka. Liemba ilitumwa kuwachukua kuwapeleka Kigoma. Hapakuwa na gati, meli ikatia nanga mbali na ufukwe, na watu wakasafirishwa hadi kwenye meli kwa boti ndogo za mbao, wazee, watoto, magodoro, masufuria. Katika mazingira kama yale hakuna mwenye nafasi ya kusifia pua ya boti. Watu walikanyaga mbao zile wakavuka, na kama pamba ilikuwa imeshiba kwenye mwanya, ilishibishwa siku nyingi nyuma na mtu ambaye hakujua boti itambeba nani.

Ujuzi wa jicho una udhaifu wake: haukai kwenye karatasi. Pwani ya Waswahili iliwahi kuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka na macho yaliyochorwa kwenye pua yake ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulitoweka. Mwaka 2003 uliundwa mmoja upya, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib kule Unguja, na waliouunda walilazimika kuutafuta mtepe katika mifano midogo na maandishi ya watu waliouona, kwa kuwa mkono uliojua ulikuwa haupo. Jengo hilo nalo, sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020. Kati ya macho yaliyochorwa na macho ya mshonaji, yaliyopotea kwanza ni yale ya mshonaji.

Rumonge haijafika huko. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii, yamekula nyumba na fukwe, na eneo la kuundia boti limesogezwa nchi kavu. Mbao nazo zimepanda bei. Vijana waliokuwa wakigonga kalafati wanaweza kesho kuwa madereva wa pikipiki, na sitawalaumu, pikipiki hulipa jioni ileile.

Nilimwona mwenye boti alipokuja kulipa awamu ya pili. Walikaa kwenye gogo na daftari: mbao idadi kadhaa, misumari kilo kadhaa, pamba, mawese, chakula cha vijana, siku za kazi. Mabishano yalikuwa makali kwenye misumari. Asubuhi iliyopotea kwenye taruma la nne haikutajwa na yeyote kati yao, wala pua. Baadaye, mzee alipokwenda kuswali, nilimuuliza yule bwana kwa nini amekuja kwa fundi huyu na si kwa wengine walio karibu, ambao wana bei nafuu. Akanionyesha boti iliyolala mchangani hatua chache kutoka pale, kuukuu, rangi imebanduka yote. Ilikuwa ya kaka yake. Alisema aliizunguka mara kadhaa kabla ya kuamua, kisha akarudi kwenye hesabu ya misumari, ambayo bado ilikuwa ikimuuma.