Mtoto wa Tatu wa Quebec

Mei 1988 serikali ya jimbo la Quebec, Kanada, ilianza kuwalipa wazazi kwa kila mtoto aliyezaliwa. Mtoto wa kwanza alileta dola 500 za Kanada, na wa pili hakumzidi sana. Uzito wote uliwekwa kwa wa tatu. Yeye alianza na dola 3,000, na kufikia 1992 posho yake ilikuwa imepanda hadi dola 8,000, zikitoka dola 400 kila miezi mitatu kwa miaka mitano. Serikali ilikuwa na hofu ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanamke wa Quebec alizaa kwa wastani watoto karibu wanne. Mwaka 1987 wastani huo ulikuwa chini ya mtoto mmoja na nusu. Jamii inayosema Kifaransa, iliyozungukwa na bara linalosema Kiingereza, ilijiona inapungua. Tena wafanyakazi wa kesho wakiwa wachache, uchumi hukua polepole, na mzigo wa kodi na pensheni za wazee huwaelemea hao hao wachache.

Je, posho ile iliongeza watoto? Kevin Milligan, mchumi wa Chuo Kikuu cha British Columbia, alilishughulikia swali hilo kwa ustadi ambao kila nikiurudia naona kitu kipya cha kupendeza.

Ugumu wake si mdogo. Tangu Gary Becker alipoandika mwaka 1960 kwamba wazazi huamua idadi ya watoto wakitazama gharama pamoja na kipato, wachumi wamejua kwamba nafuu ya kodi au posho hupunguza gharama hiyo. Kujua ni kwa kiasi gani ndiko kulikowashinda wengi. Nchini Marekani, Whittington, Alm na Peters walifuatilia nafuu ya kodi kwa wategemezi tangu 1913 hadi 1984, wakaona inakwenda sambamba na uzazi. Kazi yao ilifungua njia. Lakini nafuu ile ilibadilika kwa nchi nzima kwa mara moja, na ndani ya miaka hiyo hiyo kulipita vita viwili vya dunia, mdororo mkuu wa uchumi, na vidonge vya kuzuia mimba. Nani awezaye kusema kipi kilifanya nini?

Milligan alianza na ulinganisho wa kawaida: Quebec kabla ya posho na baada yake. Peke yake hautoshi, maana huenda uzazi ulikuwa unapanda Kanada yote. Kwa hiyo akaweka pembeni majimbo mengine, yasiyokuwa na posho hiyo, akatazama Quebec ilijitenga nayo kwa kiasi gani. Hapo wengi wangeridhika. Yeye hakuridhika, kwa kuwa Quebec ina desturi na siasa zake, na lolote lingeweza kutokea humo bila kuhusiana na posho.

Ndipo anapofika kwa mtoto wa tatu. Kama sababu ingekuwa ni hali ya hewa ya siasa au matumaini ya jumla, ingegusa familia zote kwa kadiri moja. Kama sababu ni fedha, basi wenye watoto wawili, wanaosubiriwa na dola 8,000, wanapaswa kuitikia zaidi ya wasio na mtoto, wanaosubiriwa na 500. Jedwali la malipo, lililoandikwa na watu wa bajeti wasiokuwa na utafiti wowote akilini, likageuka kipimo. Muda, jimbo na aina ya familia: tofauti tatu zikawekwa juu ya nyingine. Kisha posho ilipofutwa mwaka 1997, alipima tena kwa upande wa kuondoka kwake. Kinachodaiwa kusukuma kikiondolewa, msukumo nao unapaswa kupungua. Watafiti wachache hupata nafasi ya kuikagua hoja yao kwa ncha zote mbili, na wachache zaidi huitumia.

Matokeo yake: uzazi uliongezeka kwa asilimia 12 kwa wastani, na kwa asilimia 25 kwa waliostahili kiwango cha juu. Tafiti za awali za misaada kwa akina mama maskini wa Marekani zilikuwa zimeonyesha mwitikio hafifu. Yeye hakuzipuuza. Alieleza kwamba posho ya Quebec ilifikia familia za kila kipato, akachunguza kama familia tofauti ziliitikia kwa namna tofauti.

Uangalifu huu una sababu. Australia ilitangaza Mei 2004 kwamba kila mtoto atakayezaliwa kuanzia Julai 1 ataleta dola 3,000 za nchi hiyo. Joshua Gans na Andrew Leigh walihesabu kwamba zaidi ya uzazi 1,000 ulisogezwa mbele ili usubiri tarehe hiyo, na Julai 1 ikazaliwa idadi ya watoto isiyowahi kuonekana kwa siku moja katika miaka thelathini. Mtu anayetazama Julai peke yake angeshangilia ongezeko, kumbe baadhi ya watoto hao wangezaliwa Juni.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba Milligan, baada ya kuthibitisha kuwa posho ilifanya kazi, hakuficha bei yake. Ongezeko la asilimia 12 maana yake ni kwamba kati ya kila watoto 112, mia moja wangezaliwa hata bila posho, na wazazi wao walilipwa vilevile. Kwa hesabu yake, kila mtoto wa ziada aliigharimu hazina zaidi ya dola 15,000. Wenye kuunga mkono sera hiyo na wenye kuipinga wote walipewa namba moja.

Utafiti huo ulichapishwa rasmi mwaka 2005. Mwanafunzi wa uchumi anayetaka kujua namna ya kupima sera autafute, na kabla ya kufika kwenye milinganyo, alisome kwanza lile jedwali la malipo.