Kipimo cha Mkoko

Nikiingia katika jengo la kale, macho yangu huenda juu kwanza. Wenzangu wakishughulika kupiga picha nakshi za mlango, mimi nipo chini ya dari nahesabu boriti. Wamenizoea. Siku tuliyovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, mmoja wao aliniuliza hata hatujashuka: "Haya, leo tukungoje mpaka saa ngapi?"

Katika nyumba za mawe za pwani yetu, anayeamua upana wa chumba si tajiri mwenye nyumba, wala si fundi. Ni mkoko. Sakafu ya juu ni mawe na chokaa, mzigo mzito, na boriti ya kuubeba haizidi sana mita tatu. Ndiyo maana Lamu, hata katika nyumba ya bwana mwenye majahazi yake, unakuta vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na upana wa kila kimoja ni hatua nne tu. Bwana huyo aliweza kununua vyombo vya China akavipanga katika zidaka mpaka karibu na dari. Upana hakuupata. Nami naupenda sana ustaarabu wa fundi yule: hakushindana na mti, alipatana nao, kisha ufundi wake wote akaumalizia ukutani.

Na ukuta wenyewe! Matumbawe ya kuchonga hutolewa baharini yakiwa mabichi, laini, yanakubali chuma. Yakishakauka ndipo yanapokuwa jiwe kweli. Chokaa nayo ni matumbawe hayohayo. Hupangwa juu ya lundo la magogo, huchomwa, kisha kile cheupe kinachobaki huachwa kinyeshewe na kutulia miezi kadhaa. Kwa hiyo jiwe hushikwa na ndugu yake aliyepita motoni.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14 ulipanuliwa sana, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika mwaka 1331. Upanuzi huo ndio unaonichelewesha. Humo mafundi waliuaga mkoko, wakajenga matao na kuba juu ya nguzo, jiwe likabebwa na jiwe. Mahali plasta ilipobanduka niliweka kiganja kwenye ukingo wa tao. Vitundu vya tumbawe vimesongamana kama sega la nyuki, kila kimoja kiliwahi kuwa chumba cha mdudu wa baharini, na makali ya fundi yamepita juu yake yakaacha ukingo ulionyooka kama uzi. Vyumba maelfu ndani ya chumba kimoja. Nilisahau kabisa kwamba kuna watu wananisubiri.

Kuta hizi hazitaki saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikatunga, plasta ikadondoka na vipande vya jiwe. Chokaa hupumua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 yakatolewa humo, baada ya kuta kushughulikiwa kwa subira.

Tulipokuwa tukirudi ufukweni tulimkuta mzee mmoja kivulini, anageuza lundo la chokaa kwa koleo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwuliza chokaa ile itapanda ukutani lini, maana kwa macho yangu ilikuwa tayari, nyeupe na laini kama siagi. Alichota kidogo, akaisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto aliyelala.

"Hii? Bado sana. Njoo baada ya masika."

Huko nyuma wenzangu walikuwa wananiita, nahodha ameshapandisha nanga. Nami nikamwomba mzee aniwekee kidogo kiganjani, nisugue mwenyewe.