Vilele Vinane vya Zabusky na Kruskal

Katika hisabati ya karne iliyopita hakuna kazi ninayoistahi kama hii: watu waliuliza kompyuta swali dogo, wakayatazama majibu bila haraka mpaka thioremu ikapatikana.

Ilianzia Los Alamos, Marekani. Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam walitaka kuona nishati inavyosambaa ndani ya kitu. Wakaandika milinganyo ya mnyororo wa vipande 32 vilivyounganishwa kwa springi, nguvu ya springi ikipotoka kidogo tu kutoka kwenye usawia. Mary Tsingou akaandaa programu ya kompyuta ya MANIAC. Wakauanzisha mnyororo kwa mtetemo mmoja mpana, wakitarajia mitetemo yote igawane nishati hiyo sawasawa. Ikaanza kusambaa kweli: wa pili ukapata, wa tatu ukapata, wa nne nao. Kisha ikageuza njia, ikarudi karibu yote kwenye mtetemo wa kwanza. Mwenye papara angelaumu mashine. Wao hawakuilaumu; jambo hilo likaandikwa katika ripoti ya 1955, kitendawili kikiwa bado hakijateguliwa.

Miaka kumi baadaye Norman Zabusky na Martin Kruskal walikiendea kwa njia nyingine. Mnyororo ukitazamwa kwa mbali, vipande visionekane kimoja kimoja, hufuata mlinganyo ambao Korteweg na de Vries waliuandika mwaka 1895 kwa ajili ya mawimbi ya maji ya kina kifupi. Wakaipa kompyuta wimbi moja laini. Upande wake mmoja ukazidi kusimama wima, karibu uvunjike. Hapo vikunjo vidogo vikajitokeza, vikakua, vikawa vilele vinane. Kirefu kilikimbia kuliko kifupi. Kilipokifikia, viwili hivyo vilichanganyikana, kisha kila kimoja kikatoka na kimo chake na umbo lake lilelile, kikiwa kimesogea kidogo tu kutoka pale ambapo kingekuwa. Wakaviita solitoni.

Ufundi wenyewe uko mahali ambapo wengi hawatazami. Hesabu ya kompyuta huenda kwa hatua fupi fupi, na kila hatua huingiza kosa dogo. Zabusky na Kruskal walichagua fomula ya hatua iliyohifadhi jumla ya mwendo, na nishati kwa karibu sana, ili vilele visije vikawa zao la makosa ya hesabu.

Kompyuta ilikuwa imeonyesha, haikuthibitisha. Lakini sasa ilijulikana cha kutafuta: kuna kitu kisichobadilika ndani ya wimbi hilo. Mwaka 1967 Gardner, Greene, Kruskal na Miura walikipata. Lichukue wimbi kama shimo katika mlinganyo wa Schrödinger, ule wa fizikia ya kwanta: hata wimbi likibadilika vipi, ngazi za nishati za shimo hilo hazibadiliki, na kila ngazi ni solitoni moja. Huo ni uthibitisho wa kalamu na karatasi. Unasimama bila mashine.

Tsingou naye hakuliacha tatizo lake. Mwaka 1972, akitumia jina la ndoa, Menzel, yeye na James Tuck walichapisha hesabu ndefu zaidi, zilizoonyesha kwamba marejeo ya nishati hufifia, kisha baada ya muda mrefu hurudi kuwa kamili zaidi. Kwa miongo mingi tatizo hilo liliitwa kwa majina ya wanaume watatu. Mwalimu unayelifundisha leo, taja majina manne.