Kaptula Lililochelewa: Fumbo, Jukwaa na Kauli Huru baada ya Ujamaa

Imekuwa ada katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kudai kwamba fumbo ni zao la hofu: mtunzi hufumba pale dola inapoziba vinywa, na uhuru wa kusema ukija, fumbo hulegea. Kazi za Euphrase Kezilahabi, zikipangwa kwa mfuatano wa kuandikwa kwake, zinaikataa kauli hiyo.

Tamthilia ya Kaptula la Marx iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania ikiwa chini ya chama kimoja na Sheria ya Magazeti ya 1976 ikimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Humo hamna fumbo la kumpoteza msomaji. Rais Kapera, amevaa kaptula linalompwaya, anaongoza mawaziri wake kuisaka nchi ya Usawa. Mlengwa wa tashtiti hiyo anatambulika bila kuulizia. Zilizowatoa jasho wahakiki ni Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya zilizotoka milango ikianza kufunguka, mwaka mmoja au miwili tu kabla ya vyama vingi kuruhusiwa. Yaani kadiri kusema kulivyokuwa kwepesi, ndivyo mtunzi alivyozidi kufumba. Shaka yake ilikuwa juu ya lugha ya itikadi yenyewe, iwe itikadi yoyote, na shaka ya namna hiyo haiondolewi na kuzuka kwa magazeti ya watu binafsi.

Lipo swali gumu zaidi. Gamba la Nyoka, riwaya inayousuta uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa, ilichapishwa 1979. Tamthilia, iliyo rika lake, ilingoja hadi 1999. Kwa nini riwaya ipite, mchezo ubaki sandukuni?

Msomaji wa Nairobi ana kielelezo karibu: kutoka Kitisuru hadi Limuru si safari. Mwaka 1977, Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya isiyomhurumia tajiri wala mtawala, ilizinduliwa jijini na waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Mwaka huohuo Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, ikapigwa marufuku mwezi Novemba. Desemba ikiisha, Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Wengi huieleza tofauti hiyo kwa lugha, Kiingereza dhidi ya Kigĩkũyũ. Hoja ina uzito, ila kwa Kezilahabi haifui dafu, kwani riwaya yake na tamthilia yake zote ni za Kiswahili. Kinachobaki ni utanzu. Msomaji aliye peke yake na kitabu huvumilika. Hadhira inayocheka kwa pamoja ni mkutano. Wala si lazima itoke amri ya serikali: mtunzi na mchapishaji hulijua hilo wenyewe.

Kaptula lilipotoka kiwandani mwaka 1999, Kapera hakuwa tena madarakani, na Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kulegezwa huko Zanzibar tangu 1991. Kicheko kikawa hakina hatari. Tamthilia iliingia maktabani kama kitabu cha kusomwa kimyakimya, sawa na riwaya ile iliyoruhusiwa miaka ishirini kabla yake.