Kupe, Papasi na Utitiri: Upungufu wa Fasiri katika Kamusi

Jina la kiumbe kidogo laweza kubeba kazi kubwa. Akoseaye jina la ndege wa porini hupata aibu ya mazungumzo tu. Akoseaye jina la kiumbe anyonyaye damu ya mifugo aweza kupoteza ndama. Kwa sababu hiyo, fasiri za maneno kupe, papasi na utitiri zastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ile ipimayo maneno ya mapambo.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, kwa msingi wa kazi ya Frederick Johnson, iliwatenga kupe na papasi: wa kwanza akawekwa upande wa wanyama, wa pili akawekwa nyumbani, pamoja na homa aletayo. Utengano huo haukuwa wa mtunzi peke yake; ulikuwa umo tayari katika lugha. Sayansi ya wakati ule ilikuwa imeuthibitisha. Mwaka 1904 Dutton na Todd, wakiwa Kongo ya mashariki, walionyesha kwamba homa ya kurudiarudia huenezwa na papasi. Na mwaka 1905 Robert Koch, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, alitambua kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita hadi katika mayai ya papasi.

Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, tangu ile ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zina desturi ya kuanza fasiri ya viumbe hawa kwa neno mdudu, kisha kutaja udogo na unyonyaji wa damu. Wako wasomi wanaolaumu neno mdudu, wakisema kwamba kupe ana miguu minane, naye ni wa jamii ya buibui na nge. Lawama hiyo haina nguvu. Mdudu wa Kiswahili si tafsiri ya neno la kigeni. Tangu zamani amekusanya nge, buibui na funza bila kuhesabu miguu. Hata hesabu yenyewe yaweza kumdanganya mtazamaji, maana kupe mchanga atokaye katika yai ana miguu sita, naye hupata minane baada ya kujivua ngozi.

Kosa liko mahali pengine. Udogo na kunyonya damu ni sifa za chawa, kunguni, kiroboto na mbu pia. Fasiri isiyotenga haijafasiri. Sifa zitengazo ni mahali na wakati. Kupe wa ng'ombe hujishika mwilini kwa siku kadhaa, usiku na mchana, naye ana gamba gumu mgongoni. Papasi hana gamba hilo. Ngozi yake ni kama ya mfuko uliokunjamana, na kinywa chake kimefichwa chini. Hunyonya usiku kwa muda mfupi, kisha hurudi katika ufa wa ukuta, sakafu ya udongo au banda la nguruwe. Utitiri wa kuku ni mdogo zaidi. Mchana hujificha katika nyufa za banda, na akiisha kushiba damu huwa mwekundu.

Sarufi nayo yatoa ushahidi. Kupe huhesabika: mmoja, wawili, kumi. Utitiri hutajwa kwa wingi usiogawanyika, kama vumbi, maana jicho halimpati mmoja mmoja. Ama kufanana kwa papasi na kitendo cha kupapasa kwavutia, lakini mlio peke yake si ushahidi wa asili ya neno.

Ipimwe sasa fasiri ya kamusi huko Nkome, kando ya Ziwa Viktoria katika Wilaya ya Geita. Kisukuma na Kizinza ni lugha za huko, na uvuvi pamoja na dhahabu ya Geita vimeleta watu wa makabila mengi. Kiswahili ndicho daraja baina ya mfugaji na muuza dawa. Mfugaji akisema kuku wake wana wadudu, muuzaji ajue nini? Ikiwa ni utitiri, kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kazi bure, kwa kuwa adui yumo ukutani. Ikiwa ni kiroboto wa kuku, atakutwa ameng'ang'ania kwenye undu na kando ya macho. Ikiwa ni ng'ombe, swali ni kupe yupi. Kupe wa kahawia akaaye sikioni, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus appendiculatus, ndiye mwenezaji wa ndigana kali. Naye kwa kawaida hunyonya siku kadhaa kabla ya kuambukiza. Josho laweza lisifike ndani ya sikio, basi yafaa sikio likaguliwe na kupakwa dawa kwa mkono. Fasiri isemayo mdudu mdogo anyonyaye damu haimsaidii yeyote kati ya hao wawili.

Yapasa kutaja pia maana ya mfano. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe alizoeleka kuwa jina la mtu aishiye kwa jasho la wengine. Mfano huo ni sahihi, kwa kuwa kupe hung'ang'ania. Lakini asiyejua tofauti ya kupe na papasi hawezi kuona kwa nini mfano ulimchagua huyu ukamwacha yule.

Basi, matoleo yajayo yangeweza kusema hivi. Kupe: mdudu mwenye gamba, ajishikaye mwilini mwa mnyama kwa siku nyingi. Papasi: mdudu wa nyufa za nyumba na mabanda, asiye na gamba, anyonyaye usiku na kuondoka. Utitiri: wadudu wadogo mno wa banda la kuku, wajifichao mchana. Maneno hayo si mengi kuliko ya sasa, wala hayahitaji elimu ya chuo. Yatosha kwamba mtu wa Nkome, akiwa ameshika sikio la ndama, aweza kuyasoma na kujua anachokitazama.