Njia Huhesabiwa Kuanzia Wapi

Katika uandishi wote unaofanyika kwenye programu huria, ninaouheshimu zaidi ni ule ambao mtu hausomi mpaka akwame: mwongozo wa matumizi. Na katika miongozo, ipo sentensi moja ya qemu-img ambayo kila nikiisoma naona kazi ya fundi. Kwa maneno yangu, inasema hivi: njia ya faili ya msingi isipokuwa kamili, msingi huo hutafutwa kuanzia kwenye folda ilimo faili mpya. Basi, imeisha.

qemu-img ni chombo cha kutengenezea diski pepe kinachokuja pamoja na QEMU, mradi ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Tuseme fundi yuko Mbarara mjini, anaandaa darasa la kompyuta litakalofanyika Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro. Kupakua gigabaiti kadhaa huko kwa bando la simu ni kuunguza pesa bure, kwa hiyo anamaliza kila kitu mjini. Hatengenezi diski kamili kwa kila mwanafunzi. Anatengeneza moja ya msingi, yenye mfumo na programu zote, kisha juu yake anaweka faili nyembamba za qcow2, kila mwanafunzi na yake. Faili hizo huanza zikiwa hazifiki hata megabaiti moja, maana hubeba yale tu yatakayobadilishwa na mwanafunzi. Mengine yote husomwa kutoka kwenye msingi, ambao tangu hapo haufai kuguswa tena.

Faili nyembamba inaukumbukaje msingi wake? Kwa jina lililoandikwa ndani yake. Baiti ya 8 hadi ya 15 za kichwa cha faili huonyesha jina hilo limeanzia wapi, na nne zinazofuata husema lina urefu gani, usiozidi baiti 1023. Ni maandishi tu, herufi kwa herufi kama fundi alivyoyaandika.

Sasa fundi yuko kwenye folda ya darasa, yenye folda mbili ndani: msingi na wanafunzi. Anaandika:

qemu-img create -f qcow2 -b msingi/linux.qcow2 -F qcow2 wanafunzi/01.qcow2

Kwa macho hakuna kosa. Faili ya msingi ipo, akiorodhesha anaiona. Lakini programu inagoma, inalalamika kwamba wanafunzi/msingi/linux.qcow2 haipo. Mstari ni mmoja, ila ndani yake mna njia mbili zinazohesabiwa kutoka sehemu mbili: ya faili mpya huanzia pale alipo fundi, na ya msingi huanzia pale itakapokaa faili mpya. Alipaswa kuandika ../msingi/linux.qcow2.

Ukimwelekeza mgeni Nakivale, "nyumba ya pili kushoto" haimsaidii mpaka ajue unahesabu kutoka Base Camp au kutoka Juru. Mwandishi mvivu wa mwongozo angesema tu kwamba njia isiyo kamili inakubaliwa, na asingekuwa amesema uongo. Huyu alijiuliza: kuanzia wapi? Akajibu kwa kuitaja folda yenyewe, tena kwa jina lilelile la faili linaloonekana kwenye maelezo ya amri, ili msomaji asitangetange. Namfikiria msomaji aliyesomea Bukavu au Bujumbura kwa Kifaransa, anayezungumza Kiswahili sokoni, na Kiingereza amekikuta Uganda. Sentensi fupi isiyo na fumbo humfikia hata huyo, na hili si jambo dogo hata kidogo.

Kanuni yenyewe nayo ina busara, na utaiona siku ya safari. Fundi anakopi folda nzima ya darasa kwenye hadi diski ya nje na kupanda gari. Nakivale kompyuta ni nyingine, jina la mtumiaji ni jingine, na hadi diski inafunguka chini ya /media badala ya /home. Njia kamili iliyoandikwa Mbarara isingefika popote. ../msingi/linux.qcow2 inafika, kwa sababu zile folda mbili bado ni majirani. Muundo wa VHD wa Microsoft una nafasi ya kubeba njia za aina zote mbili, na sababu yake naielewa, lakini mimi napendelea kanuni moja iliyoelezwa vizuri.

Uangalifu huohuo umo kwenye maelezo ya rebase, amri ya qemu-img ya kubadilisha msingi wa faili. Kwa kawaida amri hiyo husoma msingi wa zamani na mpya na kuilinganisha, ili anachokiona mwanafunzi kisibadilike. Ukiongeza -u, inabadilisha jina tu bila kukagua chochote. Mwongozo unasema wazi kwamba hilo linafaa pale msingi ulipokwisha kuhamishwa, na unaonya papo hapo kwamba ukitaja msingi usio wake, data itaharibika.

Ningekuwa nafundisha Nakivale, ningeanza na qemu-img info wanafunzi/01.qcow2. Inaonyesha njia kama ilivyoandikwa ndani ya faili, na kando yake, zikitofautiana, njia ambayo programu itaifuata kweli. Halafu ningewaambia wanafunzi wahamie folda nyingine na kuiuliza faili ileile tena, waone ni ipi kati ya njia hizo mbili imebadilika.